Sabufa Mbili na Bidoni la Manjano

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Twahiru ameingiza sambusa katika radio ya gari. Sasa hivi! Sambusa nzima, ya nyama, katika lile tundu la CD. Aliisukuma kwa kidole, akapiga makofi, akaniangalia kama mutu aliyemaliza kazi ya serikali. Nimejaribu kuitoa kwa pini ya nywele. Nyama ilitoka, vitunguu vikabaki. Radio ikatoa moshi kidogo, kisha ikanyamaza. Mwanangu hajafika hata miaka miwili. Ana akili! Wenzake wanakula mchanga.

Baba yake aliangalia lile tundu, akaingia garini. Shakuru ni dereva wa taxi, na taxi imelala mbele ya nyumba kwa sababu mji mzima hauna esansi, hakuna tone la mafuta. Mutu ambaye gari yake haitembei atalilia radio? Alikaa tu ndani, akashika usukani kama anaendesha. Hiyo iliniuma kuliko kama angenigombeza. Tangu Idi anazungumza habari za Kigoma. Eti kuna binamu, eti kuna kazi bandarini, eti atatuma kitu kila mwezi. Kigoma! Na Twahiru atamuita nani baba, simu?

Jioni kulikuwa na kikao cha harusi kwa baba mdogo Amissi, ami yake Shakuru. Khadidja, dada mdogo wa Shakuru, anaolewa Jumamosi. Nilikaa karibu na mlango, mtoto mgongoni, masikio mbele. Baba mdogo akasema msafara utatoka hapa Buyenzi mpaka ukumbini Kinama, na mbele kabisa litangulie gari la muziki. Hajamaliza, Mwanne ameshanyoosha mkono. Mwanne ni mke wa Massoudi, kaka mkubwa wa Shakuru. Wana Carina yenye sabufa moja, na hiyo sabufa anaitaja kama mtoto aliyefaulu mtihani wa taifa. Baba mdogo akauliza kama kuna gari lingine. Nikasema liko, letu! Mwanne akacheka mpaka mtandio ukaanguka.

"We Mama Twahiru," akasema, "muziki yenu ni ile ya Twahiru akilia?"

Wote wakacheka. Hata Shakuru. Mi sikucheka. Kichwa changu kilikuwa kazini.

Gari la mbele linaonekana na mji mzima. Linaloonekana linakodiwa kwa harusi zingine. Na wenye harusi wanatafuta esansi wao wenyewe, kwa njia zao, dereva anakuja na mikono mitupu. Harusi kila Jumamosi, Shakuru hapa hapa nyumbani, Kigoma ibaki na binamu wake. Kinachokosekana ni kitu kidogo tu. Sabufa, na ampli ya kuiendesha. Radio ya zamani imekufa ili kutupisha. Twahiru alijua!

Jumanne, tarehe 5 Agosti

Kwa Namegabe. Huyu ni mtu wa Bukavu, ana duka la muziki wa magari nyuma ya magaraji. Sabufa zimepangwa ukutani kama masufuria ya harusi. Nilipoingia nilijifanya mzoefu. Nikagonga moja kwa kidole, nikatikisa kichwa. Namegabe akaniambia hiyo ni saa ya ukutani.

Akaniuliza maswali kama daktari. Gari gani? Probox. Batri ya lini? Sijui, tuliikuta ndani. Kofre, kule nyuma kwa mizigo, inabeba nini? Nikasema itabeba sabufa, kwa nini ananiuliza. Akanishauri nichukue moja tu, ya inchi kumi, katika sanduku lililofungwa pande zote. Itapiga beze, ule mdundo wa chini, kavu, safi, haitasumbua batri. Na ampli ndogo inayolingana nayo.

Moja! Ya inchi kumi! Mwanne ana ya kumi na mbili.

Nikaonyesha mbili za inchi kumi na tano, zenye ukingo mwekundu. Na ampli ile kubwa nyekundu, ili vifanane, kama wasimamizi wa bibi harusi. Kwenye karton imeandikwa nguvu yake, wati elfu tatu, kwa herufi kubwa zenye moto pembeni. Namegabe akacheka.

"Mama, hii namba ni ya karton. Ya kweli iko nyuma, ile kidogo."

Akageuza. Kweli, nyuma kuna namba nyingine, nyembamba, imejificha kama mwizi. Mi nimesoma mpaka darasa la sita tu, lakini najua kitu kimoja: mtu mwenye ukweli haandiki kwa herufi ndogo. Nikachagua ya mbele.

Akaendelea kunitisha. Eti ampli ndogo kwa sabufa kubwa italia kama mbuzi. Ampli kubwa kwa batri chovu itainyonya batri mpaka mfupa, hasa gari likiwa limezimwa. Nikamwambia harusi ni kutembea, nani atazima gari katikati ya harusi?

Kisha akaziwasha nisikie. Mungu wangu! Beze iliingia kwa miguu ikatokea masikioni. Vumbi likashuka toka kwenye mabati. Na Twahiru, ambaye mchana halali hata umsomee Kurani nzima, akaegemea ile sabufa, akaweka shavu, akalala. Alilala! Mdomo wazi, mate yanamtiririka juu ya ukingo mwekundu. Namegabe akasema sasa hiyo ni yangu, mtoto ameshaipiga muhuri.

Bei aliyosema ilinifanya nikohoe. Nikaomba apunguze. Akaangalia nje, kwenye pikipiki yake iliyosimama kavu ukutani, buibui wameshaanza kujenga kati ya usukani na taa. Akavuta pumzi ndefu.

"Kama ungekuwa na esansi, mama, ningekupa vyote na waya juu."

Nilimfunga Twahiru mgongoni nikaondoka taratibu, kama mtu aliyebeba mayai.

Maana esansi ipo. Nyuma ya jiko, chini ya beseni kubwa la kufulia, kuna bidoni la manjano, limejaa. Shakuru alilala kwenye foleni ya kituo mpaka shingo ikapinda ili alipate. Ni la Jumamosi. Aliniapisha. Alisema hata nikilinusa tu atajua.

Jumatano, tarehe 6 Agosti

Nimelinusa.

Naandika sababu zangu ili niwe na amani. Kwanza: esansi inakuja. Kila mtu anasema. Muuza maandazi anasema kamyo ya esansi imevuka mpaka wa Kobero. Fundi wa jirani anasema ni kamyo mbili. Kinyozi anasema dereva wa ya kwanza ni shemeji yake. Shemeji hawezi kudanganya! Alhamisi itakuwa mjini, Ijumaa nitajaza bidoni, Jumamosi tunaondoka. Pili: esansi ikikaa sana inaharibika. Hiyo sijui nilisikia wapi, lakini ina maana.

Shakuru alikwenda Kamenge kumuona mtu anayemjua mtu wa kituo. Nikatia bidoni ndani ya beseni, nikalifunika kitenge na nguo chafu juu, nikajitwika. Harufu! Njiani wanawake wakaniuliza nafulia kitu gani. Nikasema dawa ya kunguni. Wakaruka mtaro. Mmoja akanikimbilia kuniuliza inauzwa wapi.

Namegabe alipofungua kifuniko, alifumba macho kama anayenusa pilau. Hakuzungumza tena habari ya inchi kumi. Ghafla ampli kubwa ikawa ndiyo inayofaa. Batri chovu? Batri zote zimechoka, mama, hata sisi. Akanipa sabufa mbili, sanduku lenye tundu la kutolea beze nene, ampli nyekundu, radio ndogo ya kuunganisha na simu, na fundi wa kufunga. Biashara gani hii! Nilimuonea huruma kidogo.

Nyumbani nikachukua bidoni lingine, la manjano vile vile, nikalijaza maji, nikaliweka chini ya beseni. Ni la kushika nafasi tu. Hata kwenye foleni watu wanaweka jiwe.

Shakuru alirudi, akakuta fundi amelala kifudifudi ndani ya kofre. Nikamwambia ni pesa za kirimba chetu cha wanawake, tunachangiana, zamu yangu imefika. Alisimama. Nikabonyeza simu. Ile beze ya kwanza ilipopiga, kuku wa jirani walipanda ukuta. Shakuru akaweka mkono kwenye paa la gari, kama unavyopima homa ya mtoto. Akawa anatabasamu hajui anatabasamu. Kisha akasema binamu wa Kigoma anaweza kusubiri kwanza.

Kusubiri kwanza! Nimeandika mara mbili ili nisome tena.

Alhamisi, tarehe 7 Agosti

Kamyo imefika. Imepita.

Imekwenda mkoani, wanasema. Kinyozi sasa anasema yule hakuwa shemeji hasa, ni jirani wa shemeji. Muuza maandazi ameona nyingine Kobero. Nimeamua kumuamini muuza maandazi, ana watoto sita, hawezi kucheza na maneno.

Baba mdogo Amissi alikuja kusikiliza, na fimbo yake, akakaa kwenye kiti tulichomtolea nje. Akasikia wimbo mmoja. Kofia ikacheza kichwani. Akasema hiyo si gari, hiyo ni radi, na itatangulia. Sisi mbele! Carina ya Massoudi nyuma ya bibi harusi, ibebe soda na shangazi.

Taa za gari zinazima kidogo kila beze ikipiga. Nilimuuliza fundi. Akasema taa zinacheza.

Mwanne alipita na ndoo, hakuwa anakwenda kuchota maji, ndoo ilikuwa imejaa. Akaniambia hongera, Mungu aijalie. Kisha akauliza kwa sauti ya asali kama tuna esansi ya kutosha, maana gari zito linakunywa. Nikajibu tuna mpaka tunaogea. Shakuru akasikia, akacheka, akapiga teke dogo lile beseni nyuma ya jiko. Bidoni likajibu kwa sauti nzito. Nilishika ukuta.

Ijumaa, tarehe 8 Agosti

Nimekwenda kwa Namegabe kumuomba nusu tu. Robo! Pikipiki haipo, buibui wamehama. Yeye mwenyewe amekaa amenyoa ndevu. Alikwenda nayo Gatumba, akarudi, akaenda tena kumuonyesha mama mkwe. Esansi imekwisha. Akasema ilikuwa tamu sana, akanishukuru toka moyoni.

Nimezunguka. Magaraji yote. Mmoja aliniuzia chupa ya maji ya kunywa iliyojaa kitu cha kijani, nikaionyesha kwa mwingine, akasema ni sabuni ya vyombo. Nzuri sana, kwa kweli. Nimeosha sufuria zote.

Jioni nilitaka kumwambia Shakuru. Nilimkuta anapiga rangi nyeusi matairi ya gari, anapiga mluzi, Twahiru naye amepewa brashi kavu, anapaka hewa. Mwanangu ameinama kama fundi, kiuno nje. Nikarudi ndani. Nani anaweza kuvunja kitu kama hicho? Nitamwambia kesho, akiwa amevaa suti. Mtu aliyevaa suti hagombi.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Alikuwa amevaa suti.

Asubuhi watu wamejaa, magari yamepangwa, Khadidja amepambwa mpaka tumemsahau sura. Shakuru akaleta bidoni, akaweka mpira kwenye tangi, akafungua kifuniko. Nikafungua mdomo. Lakini dereva ni dereva. Aliinua bidoni, akasimama, akarudisha chini. Akanusa. Akachovya kidole, akalamba. Akaniangalia. Akaangalia sabufa. Akaniangalia tena.

"Mama Twahiru," akasema polepole, "haya ni maji."

Nikasema ndiyo, lakini ni safi.

Hakunipigia kelele. Alikaa juu ya bidoni, na suti yake, akaangalia chini. Akasema kwa sauti ndogo kwamba boti ya Kigoma inaondoka Jumatatu. Hapo ndipo nikalia. Si kwa ajili ya gari. Twahiru akaona nalia, akanipa kiatu chake kimoja. Ndicho alichokuwa nacho.

Baba mdogo akaja na fimbo, anauliza radi yake iko wapi. Nikamwambia yote mbele ya watu, haraka haraka, na kunguni na kamyo na kila kitu. Watu wakashika vichwa. Wengine wakashika mbavu. Na nani akatokea? Mwanne, na kamba mkononi! Alikuwa nayo tayari kwenye kofre yao. Carina ina esansi, akasema, itavuta. Akaifunga mwenyewe, kisha akaangalia ile kamba chafu, akasema harusi ya wifi yake haiwezi kuonekana kama ajali. Akatoa tepe nyeupe za maua ya ukumbini, akaizungushia kamba yote, fundo baada ya fundo. Sijui kwa nini alifanya vizuri vile. Labda kwa sababu yeye ndiye angekaa mbele.

Akakaa mbele! Dirisha wazi, mkono nje, anapungia mpaka mbuzi. Mi nyuma yake katika Probox, na Shakuru kwenye usukani, amenuna, anapiga breki kwa miguu miwili. Lakini muziki ulikuwa wetu! Gari la muziki ndilo linalotangulia. Kinachovuta si gari, ni kama farasi. Nilimwambia Shakuru hivyo. Kona ya mdomo wake ilitetemeka.

Na tulipiga! Watu walitoka majumbani. Mafundi waliacha spana. Twahiru mapajani mwangu akalala tangu avenue ya pili, katikati ya radi ile.

Tulipofika msikitini tukazima muziki, kama inavyotakiwa. Tukapita kimya, kwa heshima. Tulipovuka nikabonyeza tena. Sabufa zikatoa sauti moja, puu, kama ng'ombe aliyeshiba, na taa zote za ampli zikafa. Batri! Gari limezimwa, linavutwa, ampli imenyonya peke yake njia nzima. Nikabonyeza. Nikapiga simu kofi. Kimya.

Na katika kile kimya nikasikia tumba, tumba, tumba. Sabufa moja. Ya inchi kumi na mbili. Mwanne hakugeuka nyuma hata kidogo. Aliongeza sauti tu.

Tukaingia Kinama hivyo, wao wanapiga, sisi tumenyamaza. Nikafunga dirisha.

Jumapili, tarehe 10 Agosti

Ushindi! Ushindi mkubwa!

Asubuhi baba mdogo Amissi alikuja na mama mmoja wa Kinama, Dévote, jirani wa bwana harusi. Binti yake anafunga ndoa kanisani Jumamosi ijayo. Alituona jana. Hajawahi kuona kitu kama kile: gari mbili zimeunganishwa kwa kamba ya maua, la mbele linaimba, la nyuma limenyamaza, zito, linafuata polepole kama mkubwa wa nchi. Akauliza huo mtindo umetoka wapi, Dar au Kampala. Baba mdogo akajibu, bila haya, umetoka Buyenzi. Anazitaka zote mbili. Esansi analeta yeye. Na kuna dada yake wa Kamenge naye anataka, mwezi huu huu.

Ana sharti moja. Gari la nyuma lisipige kitu. Anasema lile la kimya ndilo lililokuwa na heshima.

Shakuru alisikiliza mikono mfukoni. Kisha akatoka nje na simu, nikamfuata mpaka mlangoni. Alikuwa anamwambia binamu yake kwamba haji, amepata kazi. Binamu akauliza kazi gani. Shakuru akaangalia gari. Akasema, "Navutwa." Akaanza kucheka, akashindwa kusimama, akaja kuniegemea begani. Nilimshika. Twahiru akashika mguu wake, akashika na mguu wangu. Tulisimama vile mpaka uji ukaungua.

Kwa hiyo nilikuwa na haki toka mwanzo. Bila sabufa tusingekuwa kwenye ule msafara. Bila kutoa bidoni pasingekuwa na kamba. Bila kamba, Kigoma. Kila kitu kimeenda kama nilivyopanga, isipokuwa njia.

Mwanne amekuja mchana, tumekaa mkekani tunashona tepe mpya. Tutafanya kazi pamoja kila Jumamosi, Mungu anipe nguvu. Ananifundisha fundo kana kwamba sina mikono. Anaita "kamba yangu". Anasema sabufa zetu sasa ni za kuongeza uzito tu, gari lisirukeruke.

Za uzito! Hapo kichwa kilianza kazi tena. Huyu mama Dévote anataka kimya kwa sababu hajasikia. Tatizo letu lilikuwa moja tu, batri. Ningekuwa na batri ya pili, pembeni, ya ampli peke yake, tungefika Kinama tunaunguruma, na Mwanne angeonekana kama kengele ya baiskeli. Jumamosi tutanyamaza mpaka mlango wa kanisa, kwa heshima. Halafu ghafla!

Nimeshazungumza na Namegabe. Batri anayo, kubwa, karibu mpya. Pesa sina. Lakini chini kabisa ya kofre, ukiinua sanduku la sabufa, kuna tairi la akiba. Tangu niolewe sijaliona likifanya kazi hata siku moja. Linalala tu, linakula nafasi. Namegabe analitaka sana. Leo baada ya sala ya alasiri nimelibeba chini ya kitenge mpaka kwake, na mahali pake nimeweka lile beseni dogo la kumuogeshea Twahiru, nikafunika na zulia. Mviringo ni ule ule. Hakuna mutu anayeweza kujua.

Shakuru na Massoudi wako barabarani wanafanya mazoezi ya kuvutana, Twahiru anawapigia makofi. Batri inaletwa kesho, na Jumamosi Mwanne atakapogeuka nyuma ataona

Ngoja, Shakuru ananiita. Anasema tairi la nyuma limetoboka, nije nimshikie sanduku, anafungua kofre ku